Je, Wajua? Gari la Umeme la Kifahari na Hesabu Zake

Gari la umeme la kifahari huzua ubishi popote linapotajwa. Upande mmoja husema ni akiba, maana halinywi petroli. Upande wa pili husema ni hasara ya kujitakia, maana betri ikifa hakuna fundi. Kila upande umeshika hesabu moja na kuitupa nyingine. Yafuatayo ni mambo ya kweli, mengine ya zaidi ya karne iliyopita na mengine ya juzi, yatakayomsaidia mwenye fedha mkononi, au mwenye ndoto tu, kuamua kama bei hiyo inalipa. Utaona kwamba jibu halimo ndani ya gari lenyewe. Limo katika mambo matatu: nani ananunua, anachaji wapi, na yeye ni mmiliki wa ngapi.

Je, wajua kwamba mke wa Henry Ford aliendesha gari la umeme?

Wakati mumewe akijaza barabara za Marekani kwa magari ya petroli aina ya Model T, Clara Ford aliendesha Detroit Electric, gari la umeme lililoundwa na kampuni nyingine ya mji uleule. Hakuwa peke yake. Mwanzoni mwa karne ya 20 magari ya umeme yalipendwa na matajiri wa mijini, hasa wanawake. Hayakutoa moshi wala kelele, na hayakumlazimu mtu kusimama mbele ya injini na kuzungusha hendeli kwa nguvu ili iwake. Hendeli zile ziliwavunja watu mikono.

Mwaka 1912 Cadillac walileta starta ya umeme iliyobuniwa na mhandisi Charles Kettering, na gari la petroli likapona ugonjwa wake mkubwa. Mafuta yalikuwa rahisi, barabara za masafa marefu zilianza kufunguliwa, na betri za risasi za wakati ule hazikufika mbali. Gari la umeme lilizaliwa katika ufahari, likauawa na umbali pamoja na bei. Mnunuzi wa leo bado anauliza maswali hayohayo mawili.

Je, wajua kwamba Charles Rolls alilisifu gari la umeme kabla hajakutana na Royce?

Mwaka 1900 Rolls, kijana wa kitajiri wa Kiingereza aliyekuwa mwendawazimu wa magari, alisema hadharani kwamba gari la umeme ni kimya, ni safi, halina harufu wala mtetemo, na kwamba lingefaa sana siku vituo vya kuchajia vitakapopatikana. Alikutana na Henry Royce mwaka 1904, wakaanzisha kampuni iliyojijengea jina kwa injini za petroli. Gari la kwanza la umeme la Rolls-Royce kuuzwa kwa wateja, Spectre, lilianza kuwafikia mwaka 2023. Betri yake ina uzito wa takriban kilo 700, na wahandisi wameilaza chini ya sakafu ili pamoja na kubeba umeme izuie kelele za barabara.

Hapa ndipo umeme na ufahari vinapokubaliana kweli. Kwa zaidi ya miaka mia moja watengenezaji wa magari ya kifahari walitumia fedha nyingi kuficha sauti na mtetemo wa injini. Umeme unawapa utulivu huo bila jasho. Kama unachonunua ni utulivu, gari la umeme linakutimizia ahadi kuliko injini yoyote.

Je, wajua kwamba ukimya huo ulizidi, sheria ikaingilia?

Katika Umoja wa Ulaya, tangu Julai 2021 kila gari jipya la umeme lazima litoe sauti linapokwenda polepole, hadi kasi ya kilomita 20 kwa saa, ili watembea kwa miguu na wasioona walisikie. BMW hawakuishia kwenye mlio wa kisheria. Walimwajiri Hans Zimmer, mtunzi wa muziki wa filamu ya The Lion King, awatungie sauti ambazo dereva huzisikia ndani anapokanyaga mafuta. Ni mafuta ya jina tu, kwa kuwa humo hamna hata tone.

Je, wajua kwamba betri ya gari moja inaweza kuishinda Vitz nzima kwa uzito?

GMC Hummer ya umeme ilipotoka ilikuwa na uzito wa zaidi ya kilo 4,000, na betri peke yake ilizidi kilo 1,300. Toyota Vitz, yenye injini, viti na milango yake yote, ni kilo 1,000 hivi. Magari mengi ya umeme ya kifahari hayafiki huko, lakini tani mbili na nusu si ajabu.

Uzito huo unaingia mfukoni kwa njia mbili zinazopingana. Matairi huisha haraka, kwa sababu yamebeba mzigo mkubwa na mota huyasukuma kwa nguvu yote tangu gari linapoanza kuondoka. Pedi za breki, kinyume chake, hudumu sana, kwa kuwa dereva akiachia kanyagio mota hugeuka kuwa jenereta, hupunguza mwendo na kurudisha umeme kwenye betri. Anayeshuka mlima Kitonga kwa gari la petroli hufika chini breki zikinuka. Wa gari la umeme hufika akiwa na chaji zaidi ya aliyoanza nayo juu.

Kuna jambo la tatu kwa barabara zetu. Betri imelala chini ya sakafu, na sedani za kifahari ni fupi kwa kimo. Machi 2023 shirika la habari la Reuters liliripoti kwamba makampuni ya bima katika nchi kadhaa hulazimika kuyafuta magari ya umeme yenye betri iliyoumia kidogo tu, kwa kukosa namna ya kuipima au kuitengeneza. Kabla ya kuuliza gari linakwenda kasi gani, uliza limeinuka sentimita ngapi kutoka chini, kisha yakumbuke matuta ya mtaani kwako.

Je, wajua kwamba kasi si alama ya utajiri tena?

Gari la kwanza kuvuka kilomita 100 kwa saa barabarani lilikuwa la umeme. Mbelgiji Camille Jenatzy aliliendesha karibu na Paris mwezi Aprili 1899, likafika kilomita 105. Sababu haijabadilika: mota ya umeme hutoa nguvu yake yote tangu inapoanza kuzunguka, ilhali injini husubiri mizunguko ipande.

Leo nguvu hiyo inapatikana kwa bei zinazowatia aibu wenye majina makubwa. Tesla Model S Plaid, yenye nguvu za farasi 1,020, hutoka kusimama hadi karibu kilomita 97 kwa saa kwa muda wa sekunde 2 hivi. Mwaka 2024 Xiaomi, kampuni ambayo wengi wetu tunaijua kwa simu, ilileta SU7 Max inayofika kilomita 100 kwa sekunde 2.78, ikiuzwa China kwa yuani 299,900. Septemba 2025 gari la Yangwang U9 Xtreme la kampuni ya BYD lilifikisha kilomita 496 kwa saa katika uwanja wa majaribio wa Papenburg, Ujerumani.

Kitu kikipatikana kwa wengi, hakitambulishi mkubwa. Mate Rimac, Mkroatia aliyeunda Nevera ya umeme yenye nguvu za farasi 1,914, alikiri mwaka 2024 kwamba wanunuzi wa magari ya aina yake wanazidi kutaka injini. Mwaka huohuo mauzo ya Porsche Taycan, gari la umeme, yalishuka kwa asilimia 49 duniani, huku 911 yenye injini ikipanda kidogo. Matajiri wenyewe wamesita. Anayenunua ili auze baadaye asilipuuze hilo.

Je, wajua kwamba bei ya gari jipya ilishuka kwa theluthi ndani ya mwaka mmoja?

Mwanzoni mwa Januari 2023, Tesla Model S Plaid mpya iliuzwa Marekani kwa dola 135,990. Mwezi huohuo ikashushwa hadi 114,990. Ilipofika Septemba ilikuwa 89,990. Aliyenunua Desemba 2022 aliamka na kukuta gari kama lake, jipya kabisa, linauzwa dola 46,000 chini ya alizolipa. Lake lililotumika lilipaswa kushuka zaidi ya hapo, maana nani atalipa bei ya jipya kwa lililoendeshwa?

Kampuni ya kukodisha magari ya Hertz iliumia kwa kiasi kikubwa zaidi. Mwaka 2021 ilitangaza kuagiza Tesla 100,000. Januari 2024 ikatangaza kuuza magari yake ya umeme 20,000 hivi na kuandika hasara ya dola milioni 245 kutokana na kushuka kwa thamani. Mkurugenzi mkuu wake aliondoka Machi ya mwaka huohuo.

Sababu kubwa iko kwenye betri. Mwaka 2010 betri ya gari iligharimu zaidi ya dola 1,000 kwa kila kilowati-saa ya uwezo. Kufikia 2024, kwa hesabu za kampuni ya utafiti ya BloombergNEF, wastani ulikuwa dola 115. Kiungo kikuu cha gari kikizidi kuwa rahisi na bora kila mwaka, lililotoka jana huzeeka kabla ya kuchakaa. Gari la kifahari huumia zaidi, kwa sababu sehemu kubwa ya bei yake ni upya wenyewe: skrini pana, taa za mapambo, programu za karibuni. Upya hauna soko la pili.

Je, wajua kwamba akiba ya petroli inaweza kumezwa na asilimia kumi tu?

Tupige hesabu ya Dar es Salaam. Tuseme gari kubwa la umeme linatumia uniti 22 (yaani kilowati-saa 22) kwa kilomita 100, na uniti moja ya LUKU ni shilingi 356 pamoja na tozo. Hiyo ni shilingi 7,832. Gari la petroli la hadhi hiyo likinywa lita 12 kwa umbali huo, na lita ikiwa shilingi 2,900, ni shilingi 34,800. Tofauti inakaribia shilingi 27,000 kwa kila kilomita 100. Anayetembea kilomita 15,000 kwa mwaka anaokoa zaidi kidogo ya shilingi milioni 4, na juu yake hanunui oili, chujio za mafuta wala plagi za cheche.

Akiba hiyo ni ya kweli, tena tamu. Sasa weka upande wa pili wa mizani. Magari yote ya kifahari hupoteza thamani, ya petroli yakiwemo, kwa hiyo cha kuangalia ni pengo kati yao. Tuseme yote mawili ni ya shilingi milioni 250, na baada ya miaka 5 la umeme limepoteza asilimia 10 zaidi ya mwenzake wa petroli. Hiyo ni milioni 25, yaani milioni 5 kwa kila mwaka. Akiba yote ya mafuta imekwenda, na umedaiwa milioni moja juu.

Geuza hesabu hiyohiyo kwa mtu anayelinunua gari hilo kwa mkono wa pili. Kipande kikubwa cha hasara kimeshalipwa na aliyetangulia. Umeme unaendelea kuwa rahisi vilevile, ukimya ni uleule, viti vya ngozi ni vilevile. Ndiyo maana watu wawili wanaweza kuendesha gari lilelile, mmoja akawa amefanya biashara mbaya na mwingine nzuri.

Je, wajua kwamba kuna aliyelilipua gari lake kwa baruti kwa sababu ya betri?

Desemba 2021 huko Finland, mwenye Tesla Model S ya mwaka 2013 aliambiwa kwamba kubadilisha betri kutamgharimu angalau euro 20,000. Akaona afadhali sherehe. Gari likafungwa kilo 30 za baruti mahali penye theluji, kamera zikawashwa, likasambaratika.

Kisa hicho kilizunguka dunia na kuwatia watu hofu kuliko inavyostahili. Betri nyingi hazifi ghafla. Hupungua polepole, na watengenezaji wengi hudhamini kwamba ndani ya miaka 8 au kilomita 160,000 uwezo hautashuka chini ya asilimia 70. Mercedes walilipa gari lao la umeme la EQS dhamana ya miaka 10 au kilomita 250,000.

Gari la bei kubwa lina faida hapa ambayo wauzaji hawaitangazi vya kutosha. Kinachochosha betri ni idadi ya mara inapojazwa na kumalizwa. Gari dogo lenye uwezo wa kilomita 200 kwa chaji moja litajazwa mara 1,500 ili kufika kilomita 300,000. Lenye uwezo wa kilomita 450 litafika hapo kwa mara 670 hivi. Betri kubwa hufanya kazi kidogo kwa kila kilomita, hivyo huzeeka taratibu.

Faida nyingine ni kupozwa. Nissan Leaf za mwanzo hazikuwa na mfumo wa maji wa kupoza betri. Mwaka 2012 wamiliki wa Phoenix, mji wenye joto kali katika jimbo la Arizona, walianza kulalamika kwamba uwezo unashuka upesi, na Nissan wakalazimika kuongeza dhamana ya uwezo wa betri. Magari ya kifahari ya leo hupozwa kwa maji. Kwa anayeishi Mombasa, Tanga au Muscat, mfumo huo una thamani kuliko skrini ya tatu.

Je, wajua kwamba soketi ya ukutani inaweza kuchukua zaidi ya siku moja kujaza betri?

Soketi ya kawaida ya ampea 13 hutoa kilowati 3 kwa wingi, na chaja za kubebeka mara nyingi huvuta pungufu ya hapo ili waya zisipate moto. Betri ya kilowati-saa 100 ikiwa tupu kabisa itahitaji saa 33 au zaidi. Porsche Taycan ya 2024 inaweza kutoka asilimia 10 hadi 80 kwa dakika 18, ila kwa chaja ya kilowati 320, na mtambo wa namna hiyo si kitu cha kufunga gereji ya nyumbani.

Hata hivyo mwenye nyumba yake haumii. Anayetembea kilomita 40 kwa siku mjini anahitaji uniti 9 hivi, na hizo zinaingia usiku mmoja hata kwa soketi ya kawaida. Anayeumia ni mpangaji wa ghorofa asiye na maegesho yake, anayelazimika kupanga foleni kwenye chaja za biashara kwa bei ya juu. Kwake yeye, akiba yote tuliyoipigia hesabu hapo juu inayeyuka.

Je, wajua kwamba plagi za magari ya umeme hazifanani?

Gari la Japani huja na plagi ya kuchaji haraka iitwayo CHAdeMO. La Ulaya huja na CCS2, la China na GB/T, na Marekani ina zake. Kwa soko letu linalotegemea magari yaliyotumika, jambo hili ni zito. Gari la kifahari la Kichina lililoletwa kupitia Dubai linaweza kufika na GB/T, lisiingie kwenye chaja ya CCS2 mpaka upate adapta. Tena menyu zake zinaweza kuwa kwa Kichina, na ramani zake zisijue kwamba kuna nchi iitwayo Tanzania.

Dhamana nayo ina mipaka. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka 8 tangu kusajiliwa mara ya kwanza, na miaka 8 ndiyo muda wa dhamana ya betri kwa watengenezaji wengi. Gari lililofika bandari ya Mombasa likiwa na miaka 7 limebakiza dhamana ya kuhesabu miezi, na mara nyingi hata hiyo inahusu soko lilikouzwa mara ya kwanza tu. Muulize wakala wa kampuni husika, kwa maandishi, kabla ya kulipa.

Je, wajua kwamba Ethiopia ilitangulia dunia kuzuia magari ya injini?

Mapema 2024 serikali ya Ethiopia ilitangaza kwamba haitaruhusu tena kuingiza magari ya petroli na dizeli. Sababu ilikuwa fedha za kigeni zinazoishia kwenye mafuta, huku nchi ikiwa na umeme wa maji na bwawa kubwa la mto Abay likikamilishwa.

Kenya imekwenda kwa njia ya bei. Mwaka 2019 ushuru wa bidhaa kwa magari ya umeme ulipunguzwa kutoka asilimia 20 hadi 10. Mwaka 2023 bei maalumu ya kuchaji vyombo vya umeme ikawekwa kuwa shilingi 16 kwa uniti, na 8 katika saa ambazo matumizi ni madogo, kabla ya kodi na tozo. Sehemu kubwa ya umeme huo hutoka kwenye mvuke wa ardhini wa Olkaria, maji na upepo. Septemba 2023 Rais William Ruto alijiendesha hadi ukumbi wa KICC jijini Nairobi kwenye mkutano wa tabianchi wa Afrika katika gari la umeme, na lilikuwa dogo kabisa, si la kifahari.

Je, wajua kwamba wanamuziki wa a-ha walikataa kulipa ada ya barabara?

Mwishoni mwa miaka ya 1980 Morten Harket na Magne Furuholmen wa bendi ya a-ha, pamoja na mwanamazingira Frederic Hauge, walipita na Fiat Panda iliyogeuzwa kuwa ya umeme kwenye vizuizi vya ada nchini Norway bila kulipa, tena na tena. Faini zikajaa, gari likakamatwa na kupigwa mnada. Baadaye serikali iliyaondolea magari ya umeme ada hizo pamoja na kodi nzito zinazoyabana magari ya injini.

Matokeo yalishangaza. Septemba 2013 gari lililouzwa kuliko yote Norway lilikuwa Tesla Model S, la kifahari. Mwaka 2024 karibu magari mapya 9 kati ya 10 yalikuwa ya umeme. Mnorwe hakuwa amependa umeme kuliko wengine. Kodi ilifanya Model S ishindane kwa bei na magari ya petroli ya hadhi ya chini yake. Mwaka 2023 serikali ilianza kutoza kodi ya ongezeko la thamani kwa sehemu ya bei iliyozidi kroner 500,000, na walioumia ni wanunuzi wa magari ya kifahari. Msamaha wa kodi unaweza kulifanya gari lilipe, na unaweza kuondoka kwa bajeti moja.

Je, wajua kwamba kampuni ikifilisika gari linaweza kubaki yatima?

Fisker, kampuni ya magari ya umeme ya Marekani, iliomba kinga ya kufilisika Juni 2024. Magari yake mapya zaidi ya 3,000 yaliuzwa kwa kampuni moja ya New York kwa wastani wa dola 14,000 hivi kila moja, yale yale yaliyokuwa yakiuzwa kwa mara tatu au nne ya bei hiyo. Wamiliki waliokuwa nayo tayari walibaki wakihangaikia spea na programu, wakaunda chama chao ili kusaidiana.

Hata kampuni iliyo hai inaweza kukukodisha gari lako mwenyewe. Mwaka 2022 Mercedes walitangaza Marekani kwamba mwenye EQS akilipa dola 1,200 kwa mwaka atafunguliwa kasi zaidi, bila fundi kugusa kitu. Uwezo ulikuwamo ndani ya gari tangu kiwandani.

Je, wajua kwamba betri nyingi zina udongo wa jirani?

Zaidi ya asilimia 70 ya kobalti inayochimbwa duniani hutoka Kongo, hasa eneo la Kolwezi ambako Kiswahili ndicho lugha ya sokoni na mgodini. Februari 2025 Kinshasa ilisimamisha uuzaji wa kobalti nje, na Oktoba ikaleta mgawo. Tanzania nayo ina madini ya kinywe huko Mahenge, yanayotumika upande mmoja wa betri, na nikeli ya Kabanga wilayani Ngara. Magari ya masafa marefu mara nyingi hutumia betri za nikeli na kobalti, lakini betri za chuma na fosfeti zisizo na kobalti zimeshafika hata kwenye magari ya bei kubwa ya BYD. Mwenye kujali jambo hili ana nafasi ya kuchagua.

Je, wajua kwamba gari linaweza kuwasha nyumba umeme ukikatika?

Kia EV9 na Genesis GV60 zina uwezo wa kutoa umeme nje kwa vifaa vya nyumbani, zaidi ya kilowati 3 kwa wakati mmoja. Nyumba inayotumia uniti 10 kwa siku inaweza kuishi kwa betri kubwa kama ya EV9 kwa zaidi ya wiki, friji, taa na televisheni zikiwaka bila moshi wala kelele ya jenereta. Si kila gari la kifahari lina uwezo huo, kwa hiyo uliza. Kwetu huku ni sifa inayotumika kila mwezi, tofauti na kasi ya kilomita 250 ambayo foleni ya Mwenge, Dar es Salaam, haitakuruhusu kuionja.

Basi, linafaa kununuliwa?

Likiwa jipya, kwa bei kamili, na likanunuliwa kama akiba, hapana. Kinachookolewa kwenye petroli hupotea kwenye thamani, na zaidi. Anayelinunua jipya kwa sababu anataka ukimya, starehe na jina, na fedha anayo, hakuna kosa lolote. Alipe akijua kwamba ananunua raha, na raha haina risiti ya kurudishiwa.

Likiwa la miaka 3 hadi 4, la kampuni yenye wakala nchini, lenye betri inayopozwa kwa maji na cheti cha hali yake, lenye plagi inayoendana na chaja za kwenu, na mwenyewe una nyumba ya kulichajia usiku, linaweza kuwa biashara bora kuliko gari la petroli la bei hiyohiyo. Sharti moja kati ya hayo likikosekana, punguza bei unayotaka kulipa. Yakikosekana mawili, nunua gari dogo la umeme lenye dhamana. Akiba ya mafuta utaipata ileile, kwa mtaji mdogo zaidi.